Bangkok siku ya kwanza: mto, jua na sahani za watu wawili

Habari za nyumbani, wapendwa watazamaji. Leo tuko gati la Sathorn, chini ya daraja la Taksin, hapa Bangkok. Huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni boti zinazopakia abiria. Wengi mnaoniandikia mnakuja wawili wawili: maharusi wa fungate, au mume na mke waliofuata nguo za jumla kule Pratunam na wamebakiwa na siku moja kabla ya kuanza kuhangaika na mizigo. Siku hiyo moja ipangeni kwa mto na kwa jua. Mto Chao Phraya unapita karibu na sehemu zote tatu mnazotaka kuziona, yaani Kasri Kuu la wafalme, hekalu la Wat Pho na hekalu la Wat Arun, na hauna foleni ya magari. Jua nalo, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ni lile la Mombasa au Dar mwezi wa pili, ila hapa hakuna upepo wa bahari wa kukupoza.

Kwanza, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoteza saa nzima. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa aonyeshe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Kuna dawati la afya kabla ya uhamiaji. Pitieni hapo kwanza, wawaandikie karatasi yenu, ndipo mkapange foleni ya pasipoti. Mkienda moja kwa moja uhamiaji mtarudishwa, na foleni mtaianza upya. Fomu ya kuingia nchini nayo hujazwa kwenye intaneti, ndani ya siku 3 kabla ya kufika, kila mtu yake, na haina malipo. Ukurasa unaowadai pesa kwa fomu hiyo si wa serikali.

Pesa: leteni dola, noti za 100, mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi. Noti ndogo hupewa bei ya chini, na shilingi zetu msizitegemee kabisa. Mashine za benki hukata kama baht 220 kila mkitoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toeni mara moja kiasi cha kutosha. Kwa hesabu ya haraka, baht 1 ni kama shilingi 4 za Kenya.

Sasa saa. Bangkok imetutangulia saa 4. Saa 12 asubuhi ya hapa, mwili wako unajua ni saa 8 ya usiku wa Nairobi. Ndiyo maana wengi hulala mpaka jua limepanda, wakafika Kasri saa 5, na safari ikawa mateso. Amkeni hata kama macho ni mazito. Kasri Kuu hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, na saa ya simu itakuandikia 8:30, kwa hiyo mkipanga miadi na mtu wa hapa hesabuni kwa saa ya simu.

Mavazi yapangeni usiku. Kasri Kuu lina hekalu ndani yake na walinzi wa mlangoni hawana mjadala. Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, suruali isiwe ya kubana mwili wala iliyochanika. Dera linapita vizuri, baibui linapita, shati la mikono na suruali ndefu ya kitambaa chepesi vinapita. Kanga ni nzuri kujifunga kiunoni, lakini usiitegemee kuifunika blauzi isiyo na mikono, maana mtandio juu ya mabega wazi mara nyingi hukataliwa. Aliyekosea atanunua suruali za michoro ya tembo zinazouzwa nje. Viatu viwe vya kuvua haraka, maana mtavivua mara nyingi leo.

Haya, boti. Hapa gatini kuna madawati mawili na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Atakayekuita kwa nguvu anauza tiketi ya boti ya watalii, bendera ya buluu. Si mbaya, ina nafasi na maelezo, ila wewe unataka bendera ya rangi ya chungwa: baht 16 kwa mtu, hata uende mbali vipi. Shikeni sarafu mkononi. Kondakta anapita na kopo refu la bati analolipigapiga, ndani mna tiketi na chenji. Boti haingoji, inagusa gati, watu wanashuka, wanapanda, imeondoka. Simameni upande wa nyuma mapema kabla ya gati lenu. Ile nafasi iliyoandikwa ya watawa waachieni watawa. Na dada zangu, mtawa haguswi na mwanamke, hata kwa kusukumana kwenye boti, kwa hiyo mwanaume asimame kati.

Mnashuka Tha Chang. Kutoka hapo hadi lango la Kasri ni mwendo mfupi kwa miguu, na katika mwendo huo mtakutana na mtu nadhifu, pengine na beji shingoni, atakayewaambia kwa upole kwamba leo Kasri limefungwa, kuna ibada, litafunguliwa mchana. Ana suluhisho: bajaji ya rafiki yake, wenyewe huiita tuk-tuk, iwazungushe mahekalu mengine kwa baht 20. Bajaji hiyo itaishia duka la mawe ya vito au la kushona suti, na dereva analipwa na duka. Jibu ni kuendelea kutembea hadi langoni na kuangalia kwa macho yenu. Kasri hufungwa kwa shughuli za kifalme tu, na tangazo huwekwa mlangoni. Bangkok kweli ni soko kubwa la vito, hata tanzanite ya kwetu inauzwa hapa, lakini anayenunua mawe kwa makini hapelekwi dukani na bajaji ya baht 20.

Kiingilio ni baht 500 kila mmoja. Mkishaingia, anzeni na Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi, kabla makundi ya mabasi hayajajaa. Sanamu yenyewe ni ndogo, sentimita 66, imechongwa kwa jiwe moja la kijani, si zumaridi licha ya jina, na imekaa juu sana. Ina nguo tatu za dhahabu, ya kiangazi, ya masika na ya majira ya baridi, na mfalme ndiye anayezibadilisha. Ndani hakuna kupiga picha. Mkikaa sakafuni kunjeni miguu nyuma. Nyayo hazielekezwi kwenye sanamu. Kisha zungukeni ukuta wa nje wenye michoro ya Ramakien, hadithi ya kale ya Kihindi ya shujaa Rama kwa masimulizi ya Kithai, vipande 178. Hapo pana kivuli, na ndipo wengi wanapopita mbio. Msipite mbio. Kasri lilianza kujengwa 1782, mwaka ambao mfalme Rama wa Kwanza aliufanya mji huu makao makuu, na ukuta huo unaeleza jinsi wafalme hao walivyotaka kuonekana kuliko majengo yote ya dhahabu.

Ikifika saa 4:30 tokeni, mwende kwa miguu kusini hadi Wat Pho. Kiingilio baht 300. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na jengo limembana hivi kwamba hamwezi kumpata mzima kwenye picha. Simameni upande wa miguuni. Nyayo zake zimepambwa kwa ganda la chaza, alama 108. Ukutani kuna bakuli 108 za shaba. Mnanunua sarafu ndogo, mnatia moja moja, na sauti yake inajaza jengo zima. Humu ndani pia ndiko kwenye nyumba ya kukandwa ya shule ya tiba ya asili iliyoanzishwa 1955. Nendeni jua likiwa kali, saa 6 au saa 7. Mkandaji wa Kithai hatumii mafuta, anavuta na kukanyaga ukiwa na nguo zako, na kama ni mara ya kwanza mwambieni "bao bao", maana yake polepole. Kila mmoja achukue nusu saa, inatosha.

Na chakula? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye maswali mengi.

Kwa asiyekula nguruwe, neno la kulijua ni "mu". Lakini kusema "mai sai mu", usitie nguruwe, hakutoshi kwenye tambi za mchuzi. Nyama itatolewa, mchuzi utabaki, na mchuzi mwingi hapa huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata ule unaouzwa na vidonge vya nyama ya samaki. Tafuteni alama ya halali ya umbo la almasi, au kibanda chenye mwezi na nyota. Kwenye vibanda hivyo ulizieni "khao mok kai", biriani ya kuku ya Kithai, wali wa manjano na chachandu ya kijani yenye uchachu. Eneo la kuaminika liko karibu na mto huu huu, Bang Rak, vichochoro vinavyouzunguka msikiti wa Haroon. Hapo pia kuna mchuzi wa massaman, wenye iliki, mdalasini na karafuu. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa kuula.

Som tam ni papai bichi lililochanwa nyuzi. Simameni mwangalie mama anavyofanya: kinu cha udongo, mchi wa mbao, kwanza kitunguu saumu na pilipili, kisha sukari ya mtende, ndimu, mchuzi wa samaki, maharagwe mabichi, nyanya, njugu, kamba wakavu, mwisho papai. Anatwanga kwa mkono mmoja na kugeuza kwa kijiko mkono wa pili, ili papai lilegee bila kupondeka. Hesabu ya pilipili mnaitoa kabla hajaanza. "Phrik met diao" ni pilipili moja tu. Ukisema "mai phet", isiwe kali, bado itakuwa kali, kwa sababu kinu kimetwangia sahani kumi kabla yako. Na siku ya kwanza agizeni "som tam thai" pekee. Ile yenye kaa mbichi wa chumvi na samaki wa kuchacha imewalaza watu wengi hotelini siku ya pili.

Pad thai, tambi za mchele zenye ukwaju, chagueni kwa kuangalia karai. Mpishi anayepika sahani moja au mbili kwa moto mkali, tambi zake hutengana na zina harufu ya moshi. Aliyejaza karai sahani nane anachemsha, hakaangi, na tambi zitashikana kama ugali. Tom yam, supu ya uchachu na pilipili, je? Mchaichai, khulinjani na majani ya ndimu vilivyomo ni vya kunukiza, vinaachwa pembeni ya bakuli. Sahani za hapa ni ndogo. Wawili agizeni tatu, wekeni katikati, kila mmoja na wali wake, kijiko mkono wa kulia na uma wa kusukumia. Barafu ya mviringo yenye tundu katikati hutoka kiwandani, kunyweni bila hofu. Maji ya bomba acheni.

Saa 9:30, jua likishalegea, nendeni gati la Tha Tien, mvuke ng'ambo kwa baht 5 hadi Wat Arun. Kiingilio baht 200. Sogeeni karibu na mnara mkubwa mguse kwa macho: maua yote hayo ni vipande vya vyombo vya kauri vya China na makombe ya baharini. Aliyewahi kuona makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Kaole au Mambrui, yaliyopachikwa sahani za China, atatambua bidhaa ile ile ya Mchina na tamaa ile ile ya kuipamba kwenye kitu cha kudumu. Ngazi zina mwinuko mkali. Kupanda ni rahisi, kushuka shikeni vizuri pembeni. Kabla jua halijazama rudini upande wa Tha Tien, maana mnara huo unapendeza kutazamwa kutoka ng'ambo, jua likishuka nyuma yake na taa zikiwaka.

Usiku, kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sanam Chai kiko hatua chache kutoka Wat Pho. Vituo viwili tu, mnashuka Wat Mangkon, mmefika Yaowarat, mtaa wa Wachina. Vibanda hupangwa kuanzia kama saa 12 jioni. Isiwe Jumatatu, wengi wa barabarani hupumzika siku hiyo. Nguruwe ni wengi hapa, kwa hiyo wasiokula waje wameshashiba, waje kwa matunda na kitindamlo.

Na kitindamlo ni kimoja: "khao niao mamuang", wali wa kunata na embe. Mpika wali wa nazi atashangaa. Mchele wake huloekwa saa kadhaa, unapikwa kwa mvuke mkavu bila kuguswa na maji, kisha ukiwa wa moto ndipo unamiminiwa tui zito lenye sukari na chumvi, unafunikwa mpaka ulinywe lote. Tui likitangulia, punje hazishikani namna hiyo. Embe ziko kwenye ubora wake Aprili na Mei. Miezi mingine angalieni embe kabla ya kulipa: iwe ya manjano mpaka kwenye kikonyo na imekatwa mbele yenu, si iliyolala kwenye plastiki tangu mchana. Sahani moja, vijiko viwili.

Kurudi hotelini tumieni Bolt au Grab, bei mnaiona kabla ya kupanda. Teksi ya barabarani iwashe mita, inaanza baht 35. Akikataa mita, shukeni, inayofuata haiko mbali. Mkitaka bajaji kwa raha yake, patana kabla ya kukaa, na mjue bei yake si nafuu kuliko ya teksi.