Mkia wa simba umeonekana Ngamiani

SHANGAZI: Bismillah, tupo hewani. Mgosi, mkia uko wapi?

MGOSI: Shangazi, salimia watu kwanza.

SHANGAZI: Asalaam aleikum wasikilizaji, shikamooni wakubwa. Mkia uko wapi?

MGOSI: Ngoja waelewe. Jumamosi kulikuwa na bonanza la kikapu la vijana. Mdhamini akataka maskoti, mtu wa kucheza na watoto wachezaji wakipumzika. Nikavishwa simba.

SHANGAZI: Mtu wa Coastal Union ya Tanga kavaa Simba! Baba yako anajua?

MGOSI: Simba mnyama! Tena manyoya ya njano.

SHANGAZI: Simba mwenye rangi za Yanga. Basi umesaliti mji mara mbili kwa siku moja.

MGOSI: Cheka tu. Kichwa chenyewe ni sponji, na unaona kupitia mdomoni, pana kitambaa cha wavu. Watu wanakutazama machoni, kumbe yale ni plastiki. Wewe unaona vifua na viatu. Ukiinama umpe mtoto mkono, kichwa kinakushukia puani. Halafu joto hili letu, pumzi inakurudia usoni, na jasho la aliyevaa kabla yako bado limo humo, limeshachacha.

SHANGAZI: Na nyuma huoni.

MGOSI: Sioni kabisa. Wenzetu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, maskoti ana msindikizaji wa kumwangalizia nyuma, na wapo wanaovaa fulana ya barafu kwa ndani. Mimi nilipewa chupa ya maji nisiyoweza kunywa mpaka nivue kichwa. Watoto wa Makorora wakanisoma mapema. Nikasikia mvuto, nikasikia kitambaa kinachanika, nikasikia shangwe.

SHANGAZI: Shangwe ya mkia. Sasa sikilizeni, asubuhi msikilizaji kanitumia picha. Ngamiani, baiskeli, na nyuma ya kiti pamefungwa kitu cha njano chenye nywele nchani.

MGOSI: Nitumie hiyo picha, nimekatwa pesa ya mkia!

SHANGAZI: Kaambatanisha na sauti, anasema anafutia vumbi, uko vizuri, haurudishi.

MGOSI: Shangazi, tulikuja kuzungumza kazi ya watu. Yule gorila, maskoti wa timu ya Phoenix Suns, 1980, alikuwa mtu wa kupeleka salamu za kuimbiwa. Kaja uwanjani kavaa gorila kumfikishia mtazamaji salamu zake, watu wakampenda, akaitwa tena, ikawa ndiyo kazi.

SHANGAZI: Gorila hana mkia. Mwenye akili huyo.

MGOSI: Haya.

SHANGAZI: Mimi nina la Burnie, maskoti wa Miami Heat. Fainali za 2023, mchezo wa nne, mpiganaji Conor McGregor kaletwa waigize kupigana naye, anatangaza dawa ya maumivu ya kupuliza. Kamtwanga ngumi ya kweli, mtu kalala chini, kamwongeza nyingine. Kapelekwa hospitali.

MGOSI: Akapewa dawa ya maumivu, akaruhusiwa.

SHANGAZI: Dawa ya maumivu, kwenye tangazo la dawa ya maumivu! Na jina la aliyekuwa ndani halikutajwa. Mimi nasema angevua kichwa palepale, uwanja mzima uone aliyepigwa ni mtoto wa mtu.

MGOSI: Hapana. Hapo sikubali.

SHANGAZI: Kwa nini?

MGOSI: Kwa sababu Burnie hana uso mwingine. Benny the Bull wa Chicago yupo tangu 1969, unadhani ni mtu huyohuyo? Watu wanapita humo ndani, fahali ni yuleyule. Ukivua mbele ya watoto, umemuua.

SHANGAZI: Nimemuua nani, sponji?

MGOSI: Rocky, maskoti wa Denver, 2013, walikuwa wanamshusha kwa kamba kutoka darini, akazimia hewani. Kafika chini kalegea, uwanja wote unatazama.

SHANGAZI: Na ndani alikuwa nani?

MGOSI: Rocky.

SHANGAZI: Astaghfirullah. Mtu kazimia, unaniambia Rocky! Huyo Rocky iliripotiwa alikuwa analipwa dola 625,000 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo hata mimi nanyamaza. Wewe na elfu zako, tena wamekata, unamtunzia nani siri?

MGOSI: Rocky anakipa kikapu mgongo, katikati ya uwanja, anarusha, mpira unaingia. Amelipwa kwa hilo. Lakini hata asingelipwa, kuna mtoto Jumamosi kanikumbatia mguu, haniachii. Angeniachia mbio angeona ni mimi wa Chumbageni.

SHANGAZI: Mtoto ana haki ya kukumbatia, na wewe una haki ya kujulikana ukiumia. Siri inamfaa mwenye timu.

MGOSI: Inamfaa mtoto.

SHANGAZI: Mwenye timu.

MGOSI: Basi tuwaachie wasikilizaji.

SHANGAZI: Usiwaachie, wameshakosea wengi. Yule wa baiskeli kashaandika tena, anauliza kama kuna sikio.

MGOSI: Mwambie namfuata! Jamani, tuliahidi mambo matano kwa anayetaka kazi hii. La kwanza, kunywa maji kabla hujavaa, si baada. La pili, mkataba, ueleze kifaa kikiharibika nani…

SHANGAZI: Si ndilo ninalosema? Mkataba wenye jina lako!

MGOSI: Jina kwenye karatasi, si uwanjani!

SHANGAZI: Adhana hiyo, Mgosi. Zima mashine, matatu yaliyobaki utawaandikia.