Kampuni Ikinunuliwa, Uliza Deni Kabebeshwa Nani

Mhadhara kwa wafanyakazi, Tabora mjini

Mwangaluka! Haya, nimesikia upande huu tu. Kule nyuma bado mnawaza.

Ndugu zangu wa matawi, na ninyi mlioomba ruhusa ya nusu siku kwa kusingizia hospitali (nimekuwa afisa utumishi miaka 19, ruhusa za hospitali nazijua kwa harufu), ahsanteni kwa kuja. Mwenyekiti wenu alinipigia simu akasema, "Mama, watu hawalali. Kampuni imeuzwa kwa mfuko wa mitaji wa nje, na kila siku kuna orodha mpya kwenye simu." Nikamuuliza orodha ya nini. Ya watakaopunguzwa. Kasaini nani? Hakuna aliyesaini.

Basi nianze na orodha, maana mimi ya kweli niliwahi kuishika.

Jina la kampuni silitaji. Ilikuwa na ghala, karakana na ofisi, watu mia na kitu. Wenye mali wa zamani wakauza. Wapya wakatuma vijana wawili na kompyuta zao, wastaarabu sana, wakasalimia kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Wiki ya pili nikaitwa, mlango ukafungwa, nikaambiwa niandae majina 31. Nikayaweka kwenye flashi, flashi nikaitia kwenye kipochi cha chenji, usiku kipochi chini ya mto. Wiki tatu nililala hivyo.

Katikati ya wiki hizo akaja mtunza stoo wetu. Mtu mzima, alikuwa anajenga Ipuli. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, naomba ushauri. SACCOS wamenipitishia mkopo wa bati. Nichukue, au nisubiri kwanza hawa wageni watulie?"

Jina lake lilikuwa la 14.

Nikamwambia, "Endelea na mipango yako, baba." Akashukuru, akavaa kofia, akaenda kuchukua mkopo.

Nimeambiwa na wenzangu wa fani kwamba nisingeweza kusema, kwamba kazi yetu ni kutunza siri. Ni kweli kazi yetu ina siri. Lakini hiyo haikuwa siri ya halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu mara tu anapoanza kulifikiria. Mara tu anapolifikiria, si siku ya kugawa barua. Kisha atoe taarifa zote zinazohusika, akae na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na kama kuna wasio na chama akae nao wenyewe, wazungumze: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, watu watachaguliwaje, lini, na kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani. Wasipokubaliana, shauri linapelekwa kwenye usuluhishi. Sasa orodha inayokamilika kabla ya kikao cha kwanza, hayo mazungumzo yatakuwa ya nini? Ya kupiga picha.

Kwa hiyo hofu yenu siyo ujinga. Wapo wanaokuja kuwaambia "msiogope, mwekezaji ni fursa". Mimi sitawaambia hivyo. Nitawaambia mnamwogopa mtu asiye sahihi. Mnamwangalia meneja mpya, kanuna au kacheka, kahamisha meza ya nani. Meneja naye ni mwajiriwa, na huenda jina lake liko kwenye flashi ya mtu mwingine. Tazameni pesa iliyonunua.

Chukua mfano wa lori. Unataka kununua lori la kubebea tumbaku kutoka Urambo, bei milioni 100. Mfukoni una 30. Sabini unakopa, lakini mkopo huo huuandiki kwa jina lako, unauandika kwa jina la lori. Lori ndilo mdaiwa. Riba ikiwa asilimia 18, lori linatakiwa kutoa milioni 12 na laki sita kila mwaka kabla dereva hajalipwa na tairi halijabadilishwa. Likishindwa, benki inachukua lori. Wewe umepoteza 30 zako basi, nyumba yako haiguswi. Na kama mwaka huo mvua imekataa na tumbaku ni kidogo, wa kwanza kushushwa ni nani? Utingo. (Naona mzee pale anacheka, bila shaka ana lori.)

Hivyo ndivyo mifuko mingi ya mitaji, ile inayoitwa ya mtaji binafsi, inavyonunua kampuni huko Marekani na Ulaya. Inakusanya fedha za mifuko ya pensheni, vyuo na matajiri, inaongezea mkopo mkubwa, na mkopo unabebwa na kampuni iliyonunuliwa. Kwa desturi wasimamizi huchukua asilimia 2 ya fedha kila mwaka kwa kuzisimamia, na asilimia 20 ya faida. Na fedha hizo zina saa yake: mfuko huwa wa miaka kama kumi, kwa hiyo kampuni inanunuliwa ili iuzwe tena, mara nyingi ndani ya miaka mitatu hadi saba. Hapo Nairobi, migahawa ya Java House ilichukuliwa na mfuko mmoja mwaka 2012, ukauza kwa mwingine 2017, na 2019 ikaenda kwa wa tatu. Mhudumu aliyebaki pale muda wote huo amebadilishiwa mabosi wa mabosi mara tatu bila kubadilisha aproni.

Mfano mbaya kuliko yote mnaoweza kuukumbuka ni Toys R Us, maduka ya vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 2005 yalinunuliwa kwa karibu dola bilioni 6.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Riba peke yake ilikuwa inakula kama dola milioni 400 kwa mwaka. Mwaka 2017 wakaomba kinga ya muflisi, 2018 wakafunga maduka yote ya Marekani, na watu wapatao 33,000 wakatoka bila kiinua mgongo. Baada ya wafanyakazi kupiga kelele miezi kadhaa, wawili kati ya wanunuzi, KKR na Bain, wakatoa dola milioni 20 wagawane. Pigeni hesabu, ni kama dola 600 kwa kichwa.

Lakini KKR hao hao walinunua kiwanda cha milango ya gereji, CHI, mwaka 2015, wakawapa wafanyakazi wote sehemu ya umiliki, wakakiuza mwaka 2022 kwa dola bilioni 3. Madereva na watu wa karakana walipata kwa wastani dola 175,000 kila mmoja. Mnunuzi yule yule. Wachumi wa Marekani waliofuatilia maelfu ya manunuzi ya namna hii waligundua kwamba kampuni zilizokuwa kwenye soko la hisa zikinunuliwa, ajira ilipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miaka miwili, ukilinganisha na kampuni zinazofanana nazo. Zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi, ajira iliongezeka, nako kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo anayekuambia "wakija hawa lazima panga lipite" hajui, na anayekuambia "hakuna atakayeguswa" hajui vilevile.

Huku kwetu mkopo ni ghali, kwa hiyo mifuko inayokuja Afrika mara nyingi hutegemea zaidi kukuza biashara kuliko kuibebesha deni. Panga letu huja kwa mlango mwingine. Mfuko unakuwa tayari na kampuni Dar au Nairobi yenye wahasibu wake na watu wake wa manunuzi. Basi wahasibu wa Tabora wanaonekana wamezidi. Wenzangu wa ofisini, ninyi mnaojiona mko salama kwa sababu hamshiki majembe, katika orodha yangu ya 31 ofisini walitoka 17.

Wazee wa reli mnaniangalia. Nawajua, mmekuja kuniambia sisi tuliyaona kabla yenu. Mwaka 2007 RITES, kampuni ya India, ilichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni yetu ya reli, serikali ikabaki na 49, mkataba wa miaka 25. Ule haukuwa mfuko wa mtaji binafsi, ni jambo jingine, lakini hofu ilikuwa hii hii na stesheni ilikuwa hii hii. Mishahara ikaleta migomo, na mitano kati ya hiyo 25 haikutimia, serikali ikalirudisha shirika. Nilikuwa nakaa Cheyo wakati ule. Nakumbuka maduka ya jirani yalivyoacha kukopesha watu wa reli hata kabla mtu mmoja hajapunguzwa. Mke wa fundi wa mabehewa alinyimwa kilo moja ya sukari kwa sababu ya tetesi. Tetesi hukata mshahara kabla ya mwajiri.

Sasa swali la kwanza la kupeleka kikaoni, na msikubali kutoka bila jibu lake: wamenunua hisa au wamenunua mali? Wakinunua hisa, mwajiri wako ni yule yule. Kampuni ni ile ile, jina kwenye mkataba ni lile lile, waliobadilika ni wenye nayo. Miaka yako yote ya kazi inaendelea kuhesabika na huna sababu ya kusaini mkataba "mpya" unaoanza leo. Wakinunua mali, yaani ghala, mashine na magari, kampuni ya zamani inabaki na wewe mkononi, na lazima ijibu: inakulipa na kukuachisha kwa utaratibu, au wamekubaliana kwa maandishi kwamba mnunuzi anakupokea na miaka yako?

Miaka hiyo ina bei. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Mtu wa laki tano na elfu ishirini kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake ni kama elfu ishirini. Mara saba, laki moja na arobaini. Kama ana miaka tisa, ni milioni moja, laki mbili na sitini elfu. Na mwenye miaka 22? Anapata ya miaka kumi, milioni moja na laki nne. Najua inauma. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, unaweza kukipandisha, na hapo ndipo chama chenu kinapimwa. Halafu kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo usiyochukua, cheti cha utumishi, na kama uliajiriwa Kigoma ukaletwa Tabora, nauli yako na ya mizigo yako kurudi ulikoajiriwa.

Mji huu ulijua kupatana ujira kabla ya reli kufika mwaka 1912. Wapagazi wa Kinyamwezi walipatana malipo na posho kabla ya mzigo kupanda begani, na posho ikikosekana njiani wengine waliutua mzigo wakarudi zao. Neno posho mnalitumia mpaka leo, ila mnalisubiri kwa ukimya.

Leo jioni kila mtu atafute mkataba wake. Si kesho. Nimewahi kumsaidia mama mmoja aliyekuwa na miaka 14 kazini na karatasi pekee aliyokuwa nayo ni kitambulisho chenye picha iliyofutika. Hati za mishahara zitunze, na michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakikisha inaingia kweli, maana mwajiri anayejiandaa kuuza wakati mwingine huchelewesha hiyo kwanza. Kampuni iliyotangulia kudaiwa na NSSF imeshaanza kukukopa wewe.

Maswali. Ndiyo, kijana wa shati la bluu.

Anauliza: ameletewa barua aandike kwamba anaacha kazi kwa hiari, aongezewe mishahara miwili. Mwanangu, usiisaini leo. Inaweza kuwa biashara nzuri, sijui hesabu yako. Lakini ukiandika umeacha mwenyewe, si kupunguzwa tena, na NSSF fao la kukosa ajira, ile theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, si la anayeacha kwa hiari. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, onyesha chama. Atakayekunyima nakala atakuwa amekujibu. Na ukishaachishwa na unaona umeonewa, una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kujaza fomu. Watu wanakuja siku ya 45 wakiwa bado wanasubiri bosi awapigie simu.

Dada wa kitenge cha njano.

Anauliza kama yule mtunza stoo alinisamehe.

Sikumwomba msamaha mapema kama ilivyopasa. Ana genge sasa, anauza nyanya, sukari na mafuta ya kupima. Siku moja nilikwenda kununua, akanipimia, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, siku ile ya bati, ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Basi," akaendelea kunihesabia chenji.