Uzamili wa Usimamizi wa Data Unakufungulia Kazi Gani?

Habari zenu ndugu zangu mnaonitazama kutoka Dar, Nairobi, Mombasa na kwingineko. Leo nasema na wewe mwenye shahada ya kwanza, unayetafuta uzamili huku Uingereza, na jicho lako limetua kwenye usimamizi wa data.

Usiuchanganye na sayansi ya data. Mwanasayansi wa data anatafuta data inasema nini. Msimamizi anatangulia kuuliza: imetoka wapi, nani aliiandika, nani aliibadilisha, na sheria inaturuhusu kuitumia?

Oktoba 2020, shirika la afya ya umma la hapa England lilikuta majibu 15,841 ya watu wenye korona hayakuingia kwenye hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakakatika kimyakimya, na waliokutana na wagonjwa wakachelewa kutafutwa. Ilitosha kulinganisha mistari iliyotumwa na iliyopokelewa. Kazi ya kuweka ukaguzi huo, na kuwajibika nao, ndiyo taaluma yenyewe.

Huko nyumbani kazi hiyo ipo tele. Kenya na Tanzania zinakusanya ripoti za vituo vya afya kupitia DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Zahanati ikiacha kisanduku cha malaria wazi, je, hakukuwa na mgonjwa au ripoti haikuandikwa? Ukijaza sifuri kwa kubahatisha, wilaya itaonekana salama na dawa zitapelekwa kwingine. Kuna Juma Hamisi wa kliniki moja ambaye kliniki ya pili ni Hamisi Juma. Kuna namba za simu zinazopoteza sifuri ya mwanzo ndani ya Excel, na 03/04 ambayo kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine Machi. Anayejua kuzuia haya kabla hayajaingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwenye kompyuta, anatafutwa na watafiti wa majaribio ya dawa, benki na kampuni za simu.

Sheria nazo zimeongeza nafasi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Ya Tanzania ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Taasisi zinahitaji maafisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, na wengi wanaoomba nafasi hizo wanajua sheria bila kujua mifumo. Ukivijua vyote viwili, unawatangulia.

Sasa chuo. Uzamili wa hapa kwa kawaida ni krediti 180 kwa mwaka mmoja, na tasnifu mara nyingi huchukua 60. Usisome jina la kozi, soma orodha ya masomo: SQL (lugha ya kuuliza na kupanga data kwenye kanzidata), usanifu wa kanzidata, ubora wa data, kamusi ya data (maelezo ya maana ya kila kipengele cha data) na sheria. Ukikuta karibu yote ni kufundisha mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data) na somo moja tu la kanzidata, hiyo ni kozi nyingine. Na SQL anza kuisoma sasa hivi, kwa sababu mwaka mmoja hautoshi kuanzia sifuri.

Tasnifu ifanye kwa data halisi ya nyumbani. Wengi hukwama kwenye vibali vya utafiti: cha tume ya sayansi ya NACOSTI kwa Kenya, cha tume ya COSTECH kwa Tanzania, na cha maadili ukigusa data za wagonjwa. Andaa maombi muhula wa kwanza. Ukingoja msimu wa tasnifu, kibali kinaweza kutoka ukiwa umeshawasilisha kazi.