Kupoza mitambo bila feni

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma.

Feni hii ndogo ilitoka ndani ya kompyuta moja hapa hapa Lamu. Tazameni beringi yake ilivyoliwa na kutu. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haikihurumii kitu kinachozunguka. Feni ikikwama, joto la prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za kompyuta, halina pa kwenda. Mashine hupunguza mwendo, kisha huzima.

Iko njia ya kupoza isiyohitaji kitu cha kuzunguka. Mwaka 1963 Steve Papell wa NASA, Marekani, alitengeneza kimiminika kinachovutwa na sumaku, ili mafuta ya roketi yaweze kuongozwa mahali pasipo na uzito. Ndani yake mna chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, kila moja na upana wa nanomita 10 hivi (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), zilizopakwa utando ili zisishikane.

Linalonivutia mimi ni hili: kimiminika hicho kikipata joto, usumaku wake hupungua. Basi kipitishe kwenye mfereji mwembamba juu ya chipu, uweke sumaku karibu na penye moto. Kilicho baridi huvutwa kwa nguvu zaidi, kikaingia na kukisukuma kando kile cha moto, ambacho sumaku imekilegezea. Cha moto huenda kwenye alumini yenye mapezi, yaani vibamba vyembamba vya kutolea joto, hupoa, kikavutwa tena. Ni kama upepo wa bahari alasiri: bara imeshika moto, hewa yake inapanda, na ya baharini inaingia kushika nafasi. Pampu ni joto lenyewe! Chipu ikizidi kuchemka, mzunguko nao huongeza kasi.

Lakini sumaku haili joto. Inalihamisha tu, na mwisho lazima litoke kwenye hewa yetu hii ya kaskazi. Tena chembe zikishikana baada ya muda, kimiminika huharibika. Hapo ndipo penye kazi ngumu.

Kwenye spika kimeshatumika miaka mingi: tone lake huizingira koili, ule waya uliosokotwa duara, na kupeleka joto kwenye chuma cha sumaku. Huenda baadhi ya spika tunazozisikia wakati wa Maulidi pale Msikiti wa Riyadha zinalo.

Nimekuja na chupa ya kimiminika hicho. Wewe fundi wa simu, njoo mwanangu, shika sumaku hii uisogeze polepole. Taa iletwe karibu, wazee waone.