Upepo wa Ndani, Upepo wa Nje

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimekuja na vitu viwili tu: tairi hili lililochakaa na kasha la kiberiti. Tairi naomba lipite mkono kwa mkono wakati nazungumza, lakini mtu asipitishe vidole ndani yake kwa haraka. Sababu nitaieleza baadaye.

Mada niliyopewa ni pana: vifaa vya safari ndefu, mashindano ya kulipwa, na baiskeli mjini. Watu huyaona haya kuwa mambo matatu yasiyohusiana. Mimi nayaona yote ndani ya neno moja ambalo Kiswahili kinalitumia kwa kazi mbili. Fundi akibonyeza tairi anasema, "Halina upepo hili." Mwendeshaji akirudi hoi anasema, "Leo upepo ulikuwa mkali." Ni upepo huo huo kwa jina. Wa ndani unatubeba, wa nje unatuzuia. Akiujua mtu kila mmoja kwa tabia yake, atajua anunue nini, abebe nini na akae wapi barabarani.

Nianze na wa ndani. Chukueni mtu, baiskeli na mizigo, jumla kilo 100. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi, tuseme kilo 60. Tairi likijazwa upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, paundi kwa inchi ya mraba), hiyo ni takriban kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanyeni 60 kwa 4: sentimita za mraba 15. Kiberiti nimekileta kwa ajili hiyo. Sehemu ya tairi la nyuma inayogusa barabara haizidi uso wa kasha hili, na la mbele linagusa kwa sentimita 10 tu. Kila breki utakayoshika na kila kona utakayokata vinategemea vipande hivyo viwili, na ukubwa wake unaamuliwa na pampu yako.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Scotland aliyekuwa akiishi Belfast, alifunga mipira yenye upepo kwenye kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa amelisajili wazo la namna hiyo miaka ya 1840, likasahaulika. Mwaka 1889 Willie Hume akayapanda matairi hayo mashindanoni, Belfast hapo hapo, akawashinda waliokuwa na mpira mgumu. Miaka miwili baadaye Charles Terront alishinda mashindano ya Paris–Brest–Paris huko Ufaransa, karibu kilomita 1,200 kwa saa 71 na ushei, akiwa na tairi la Michelin linaloweza kuvuliwa na kuzibwa njiani. Kwa hiyo tangu mwanzo mashindano, safari ndefu na pancha vimekuwa ndugu.

Lakini mashindano hayo hayo yakaja kutupoteza njia. Kwa miongo mingi waendeshaji wa kulipwa walipanda matairi membamba, milimita 20 hadi 23, yaliyojazwa upepo mpaka yakawa kama chuma, psi 115 na zaidi. Sisi wengine tukawaiga. Hesabu yao ilikuwa na msingi: ukilizungusha tairi juu ya pipa laini kwenye maabara, kadiri lilivyo gumu ndivyo linavyobingirika kwa wepesi. Barabara, hata hivyo, si pipa laini. Tairi gumu likikuta kijiwe halimezi. Linapanda juu yake na kukunyanyua wewe na baiskeli, kisha linakuangusha, mara maelfu kwa kila kilomita. Kila mnyanyuko umelipiwa na miguu yako, na nguvu hiyo inaishia kutikisa nyama za mapaja na mikono. Unafika umechoka, na mwendo huuoni.

Leo timu kubwa zinapanda milimita 28, 30, na kwenye Paris–Roubaix, mashindano ya siku moja ya Ufaransa yenye takriban kilomita 55 za barabara ya mawe, milimita 32 na kuendelea. Wapo hata wenye kifaa cha kupunguza na kuongeza upepo huku wanaendesha. Watu wa safari ndefu walikuwa na matairi mapana miaka yote hiyo, wakionekana washamba. Nasema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nawajua walioacha baiskeli kabisa kwa maumivu ya viganja na mgongo, na dawa ilikuwa kufungua valvu na kutoa upepo kidogo.

Usitoe mno, lakini. Tairi lililolegea likigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kati ya rimu na barabara, unabaki na matundu mawili sambamba kana kwamba nyoka ameuma. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba. Ongeza upepo, au nunua tairi pana zaidi.

Mjini faida kubwa ya tairi pana ni macho, na hili silisikii likisemwa. Mwenye tairi jembamba na gumu analazimika kuangalia chini muda wote, kwa kuwa kila ufa ni hatari kwake. Mwenye tairi la milimita 40 anainua uso. Anaona kichwa cha dereva ndani ya gari lililoegeshwa, akajua mlango huo unaweza kufunguka, akakaa umbali wa mita moja na ushei. Anaona lori lililo mbele yake likiwasha taa ya kukata kona, naye halifuati kwa upande wa ukingo wa barabara, maana pale dereva hamwoni. Vifuniko vya chuma vya mifereji na michoro ya rangi barabarani, vikiwa na maji, huteleza kama sabuni. Anaviona mapema na kuvipita baiskeli ikiwa wima, bila breki. Reli anazikata kwa pembe ya mraba. Yote haya yanahitaji macho yaliyo huru.

Sasa upepo wa nje. Huu una hesabu kali. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuupasua upepo inaongezeka mara nane. Kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, mara nane! Ndiyo maana washindani wanajificha nyuma ya migongo ya wenzao. Utafiti wa Bert Blocken, mtaalamu wa mwendo wa hewa, na wenzake, uliotoka 2018, ulionyesha kwamba aliye katikati ya kundi kubwa anaweza kukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa upepo ambao angekutana nao akiwa peke yake. Anayekaa ndani ya kundi kwa saa tano na anayeongoza mbele hawajafanya kazi moja, ingawa runinga inawaonyesha pamoja. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, zimebaki kilomita 24.5 za kila mtu peke yake dhidi ya saa. LeMond alikuwa na hendeli za kulalia na kofia iliyochongoka. Fignon alikuwa kichwa wazi, nywele zimefungwa nyuma. LeMond akachukua Tour kwa tofauti ya sekunde 8.

Ukisikia hivyo utataka kulalia hendeli ukienda kazini. Usifanye. Kwa mwendo wa mjini, kilomita 15 kwa saa, upepo wa nje haujawa adui wa kukutoa jasho. Kaa wima, uone na uonekane.

Safarini mambo ni mengine, maana unakuwa na mizigo na huna kundi. Mifuko ya pembeni inadaka upepo wa ubavuni kama tanga. Kitu kizito kiwe chini, karibu na ekseli, na sehemu ya mzigo ihamie mbele. Mimi niliwahi kubeba kila kitu kwenye keria ya nyuma, na siku ya nne nikasikia mlio mkavu, "ting!" Spoki ilikuwa imekatika upande wa gia, mahali ambapo huwezi kubadilisha bila kutoa gia zenyewe. Rimu ikaanza kupinda, ikawa inasugua breki kila mzunguko. Tangu hapo nafunga spoki tatu za akiba kwenye fremu kwa utepe, na kifaa cha kufungulia gia kimo mfukoni hata kama nakwenda safari ya siku mbili.

Mshindani hahitaji hayo, kwa sababu ana watu. Katika Tour ya 1934 René Vietto, kijana wa miaka 20, alivua gurudumu lake la mbele akampa kiongozi wake Antonin Magne, kisha akakaa juu ya ukuta wa mawe akilia, baiskeli yake imebaki haina gurudumu. Magne akashinda Tour. Siku hizi gari la timu linafuata nyuma na magurudumu yamejipanga juu ya paa. Wewe ukiwa peke yako porini, Vietto wako ni tyubu mbili, viraka, gundi, leva za kuvulia tairi na pampu uliyoijaribu nyumbani.

Nije kwenye tairi linalopita mikononi mwenu. Siku moja ya safari tairi hilo lilinipa pancha tatu kabla ya saa sita mchana. Mara mbili niliziba tundu vizuri kabisa: nikasugua tyubu, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke isinate kidoleni, ndipo nikabandika. Mara mbili upepo ukatoka tena. Mara ya tatu nikailaza tyubu juu ya tairi, valvu ikiwa penye tundu lake la rimu, nikaona matundu yote matatu yamekaa usawa mmoja. Basi tatizo lilikuwa ndani ya tairi. Nikapitisha kidole polepole, kikachomwa. Ni waya mwembamba kama unywele, wa aina inayomwagika barabarani tairi za malori zikipasuka. Kwa nje haukuonekana hata kidogo. Nimeuacha humo makusudi, kwa ajili ya siku kama ya leo.

Nani ameupata? ... Ndiyo, mama, safu ya tatu. Hapo hapo, karibu na maandishi. Usiuvute kwa kucha, utakatika na kipande kitabaki. Likunje tairi kwanza, ncha itoke. Kijana, mpelekee mama koleo ile iliyo mezani.