Kutoka Kiswahili Hadi Kihispania Bila Kuzungukia Kiingereza

Asalaam aleikum. Nawashukuru waongoza wageni, manahodha na walimu mlioacha shughuli za gatini mchana huu mkaja kusikiliza habari za vitenzi.

Wengi wenu mmezoea kuongoza kwa Kiingereza, na sasa mnajifunza Kihispania. Katika tafsiri zenu naona tabia moja: mnachukua msemo wa Kiingereza, mnaukata vipande, kisha kila kipande mnakitafutia Kihispania chake. Vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia havikubali kukatwa hivyo. "Give" ni kutoa na "up" ni juu, lakini "give up" ni kukata tamaa au kuacha jambo. Anayesalimu amri, Kihispania ni "rendirse". Anayeacha sigara, "dejar de fumar". Hamna kutoa wala juu.

Mwanaisimu Leonard Talmy alizigawa lugha kwa jinsi zinavyoeleza mwendo. Kwa kawaida kitenzi cha Kiingereza husema mtu anakwendaje, na upande anakoelekea huachiwa lile neno dogo la nyuma. Katika Kihispania upande umo ndani ya kitenzi chenyewe: "entrar", "salir", "subir", "bajar", "cruzar". Sasa visikieni kwetu: kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuvuka. Ni mtindo uleule! Mwingereza husema "he ran out of the house". Mhispania husema "salió corriendo de la casa", alitoka nyumbani akikimbia. Na aliyeogelea kutoka Lamu hadi Manda "cruzó el canal a nado", alivuka mkondo kwa kuogelea. Kwa nini basi mpitie Kiingereza?

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Maji yakimalizika chomboni, Mwingereza husema "we ran out of water", na watendaji ni watu. Sisi twasema "maji yametuishia". Mhispania naye: "se nos acabó el agua". Mtendaji ni maji, na hiyo "nos" inafanya kazi ya "tu" iliyomo ndani ya "yametuishia". Salio la simu likikuishia, "se me acabó el saldo". Anayejifunza Kihispania kupitia Kiingereza hutaabika sana na muundo huu. Nyinyi mmezaliwa nao, na inaniuma kuona mkiuacha nyumbani.

Injini nayo "breaks down". Kihispania: "se averió el motor", imeharibika. Ile "-ka" ya kuvunjika na kufunguka, mara nyingi Kihispania huitengeneza kwa "se": "romper" ni kuvunja, "romperse" kuvunjika, "abrir" ni kufungua, "abrirse" kufunguka. Lakini Mwingereza akitumia kitenzi hichohicho kwa mtu aliyezidiwa na huzuni, habari za injini ziwekeni kando: "rompió a llorar", aliangua kilio.

"Take off" lina mitego miwili. Mgeni mlangoni pa msikiti mwambieni "quítese los zapatos", vua viatu, bila kutaja kwamba ni vyake, kama tusivyotaja sisi. Ndege uwanjani Manda haivui kitu. Hiyo ni "despegar", kupaa.

Na "I'll pick you up"? Sisi twasema "nitakupitia". Meksiko utasikia "paso por ti", karibu neno kwa neno. Hispania wamezoea zaidi "paso a recogerte". Angalieni hapo: "recoger" ni salama kote, lakini "coger" ina hatari. Hispania ni kuchukua tu, au kupanda basi. Meksiko na Argentina ni neno chafu la kitandani, na familia nzima inaweza kukugeukia ghafla ndani ya boti.

Kutafsiri vipande huwapata hata wenye lugha. Marekani, baadhi ya wasemaji wa Kihispania husema "te llamo para atrás" kwa sababu jirani yao mwenye Kiingereza husema "call back". Masikioni mwa Mhispania ni kupiga simu kuelekea nyuma. Semeni "te vuelvo a llamar", nitakupigia tena.

Haya, toeni sentensi mlizoandika. Fungeni upande wa Kiingereza, kila mmoja anisomee kwanza Kiswahili chake, kisha Kihispania. Manahodha ndio waanze.