Nani Apimaye Maumivu: Falsafa ya Manufaa na Mageuzi ya Siasa Uingereza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Mwaka 1776 mwanasheria kijana wa London, Jeremy Bentham, aliandika kwamba kipimo cha haki na batili ni furaha kubwa kabisa ya watu wengi kabisa. Wengi wetu tulikutana na fundisho hilo katika madarasa ya maadili. Leo naomba tulitazame bungeni, kwenye majukwaa ya uchaguzi na ndani ya nyumba walimofungiwa maskini, kwa sababu huko ndiko lilikojaribiwa. Hoja yangu ni kwamba fundisho hilo, liitwalo falsafa ya manufaa, liliwakomboa Waingereza pale lilipodai kwamba mwenye maumivu ayaseme mwenyewe kwa kura yake, na likawatesa pale wataalamu walipojitwalia kazi ya kumpimia maumivu hayo.

Bentham hakuanza akiwa mtetezi wa demokrasia. Kwa miaka mingi aliamini kwamba watawala hukosea kwa kutojua tu, na kwamba wakionyeshwa sheria iliyo bora wataipokea. Alibuni gereza la duara, ambamo msimamizi mmoja aliyekaa katikati angeweza kuwaona wafungwa wote bila wao kumwona, na mwaka 1794 Bunge likapitisha sheria ya kuuwezesha mradi huo. Gereza halikujengwa. Makabaila wenye ardhi walipinga viwanja vilivyopendekezwa, mawaziri wakaahirisha mwaka hadi mwaka, na mwaka 1813 akalipwa fidia ya pauni 23,000. Sisikitiki hata kidogo kwamba jengo lile halikusimama. Lakini kushindwa huko, pamoja na urafiki wake na Mskoti James Mill ulioanza mwaka 1808, kulimfikisha kwenye wazo lililobadili siasa yake yote: kwamba tabaka dogo linalotawala lina maslahi yake yanayopingana na ya umma, na kwa hiyo hata likilijua jema halitalitenda mpaka libanwe na wale linaowatawala.

Ili tuelewe ukali wa wazo hilo, tuliangalie Bunge la wakati ule. Old Sarum, karibu na Salisbury, lilikuwa mahame, kilima kisichokuwa na mji tena, nalo lilipeleka wabunge wawili London; Manchester, mji wa viwanda uliokuwa ukifurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Na pale ambapo uchaguzi ulifanyika kweli, mpiga kura alipanda jukwaani mbele ya umati, akalitamka kwa sauti jina la mgombea anayemtaka, na karani akaliandika daftarini pamoja na jina lake yeye. Madaftari hayo mara nyingi yalichapishwa na kuuzwa. Mkulima aliyepanga shamba la kabaila alijua kwamba kabaila wake angesoma alivyopiga, na kwamba mkataba wake wa shamba ulikuwa mikononi mwa msomaji huyo. Ndiyo maana kura ya siri, ambayo sisi tunaiona ni jambo la kawaida, kwa Bentham na wafuasi wake ilikuwa kiini cha mageuzi yote.

Mwaka 1817 Bentham alichapisha mpango wake wa kulirekebisha Bunge, na mwaka uliofuata mbunge Sir Francis Burdett akawasilisha bungeni maazimio yaliyotokana na fikra hizo: kura kwa wanaume wote, Bunge la kuchaguliwa kila mwaka, na kura ya siri. Yalikataliwa. Tarehe 16 Agosti 1819 wapanda farasi wenye panga waliuvamia umati uliokusanyika Manchester kudai mageuzi ya namna hiyo, na watu wasiopungua kumi wakafa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ufa ulianzia ndani ya kundi lenyewe. Katika insha yake ya mwaka 1820 kuhusu serikali, James Mill alieleza vizuri sana kwa nini hakuna mtu anayeweza kuaminiwa na mamlaka juu ya wenzake bila kuzuiwa. Kisha, kwa sentensi chache, akasema kwamba wale ambao maslahi yao yamo ndani ya maslahi ya wengine wanaweza kuachwa bila hasara, na akawataja wanawake, kwa kuwa baba au mume anawatosha. Yaani mwanamume, ambaye kwa hoja ya Mill mwenyewe angemdhulumu jirani yake kila apatapo nafasi, hageuki mdhalimu akiingia nyumbani kwake! William Thompson wa Ireland, kwa kushirikiana na Anna Wheeler, alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1825, akaitumia kanuni ileile ya manufaa kuonyesha kwamba mwanamke asiye na kura hana kinga dhidi ya mumewe. Kwa maoni yangu Thompson na Wheeler ndio waliomwelewa Bentham kuliko rafiki yake wa karibu.

Bentham alifariki tarehe 6 Juni 1832, na kesho yake Sheria ya Mageuzi ikapata idhini ya mfalme. Majimbo 56 ya aina ya Old Sarum yalifutwa, Manchester ikapata wabunge wawili, na mijini kura ikapewa mwanamume mwenye kukalia nyumba ya thamani ya pauni kumi kwa mwaka. Mfanyakazi wa kawaida alibaki nje. Sheria hiyohiyo ilimnyima kura mijini yeyote aliyekuwa amepokea msaada wa maskini katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, kifungu kidogo ambacho wanahistoria wengi hukipita haraka, nami naona hakistahili kupitwa.

Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Maskini, na mmoja wa waandishi wakuu wa ripoti iliyoizaa alikuwa Edwin Chadwick, aliyekuwa katibu wa Bentham. Kanuni yake ilikuwa kwamba maisha ya anayesaidiwa lazima yawe magumu kuliko ya kibarua maskini kabisa anayejitegemea, ili mtu asiombe msaada mpaka awe hana njia nyingine. Aliyeomba aliingizwa katika nyumba ya kazi, mume akatengwa na mkewe, watoto wakawekwa mbali na wazazi. Huko Andover wakazi wa nyumba hiyo walipewa kazi ya kuponda mifupa ya farasi na wanyama wengine iwe mbolea. Mwaka 1845 ilibainika kwamba njaa iliwafanya waigombanie mifupa hiyo, wagugune mabaki ya nyama na kunyonya uboho, huku mkuu wa nyumba akiwapunja posho yao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: hesabu ya London ilikuwa imekamilika, lakini waliohesabiwa hawakuwa na mahali pa kusema kwamba imekosewa.

Chadwick huyohuyo, na haki lazima itendeke kwake, alichapisha mwaka 1842 ripoti iliyoonyesha kwamba wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17, ilhali katika wilaya ya mashambani ya Rutland ulikuwa 38. Kutokana na takwimu hizo ilizaliwa Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848, iliyohimiza mifereji na maji safi. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu asiyelazimika kumsikiliza yeyote aliyeishi ndani ya hesabu zake.

Wafanyakazi walilitambua hilo. Mkataba wa Watu wa mwaka 1838, yaani waraka wa madai yao ya kisiasa, ulioandaliwa na William Lovett akisaidiwa na Francis Place, fundi cherehani na rafiki wa Bentham, ulidai karibu yaleyale ya mwaka 1818, ukaongeza mishahara kwa wabunge. Tofauti ni kwamba safari hii waliodai ni wenye maumivu, na hasira dhidi ya nyumba za kazi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya. Ombi lao la mwaka 1842 lilikuwa na saini zaidi ya milioni tatu, Bunge likakataa.

John Stuart Mill, mwana wa James, aliligeukia kosa la baba yake. Tarehe 20 Mei 1867, akiwa mbunge wa Westminster, alipendekeza kura isifungwe kwa wanaume peke yao, akashindwa kwa kura 73 dhidi ya 196. Kura ya siri ilipatikana mwaka 1872. Mwaka 1918 wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wengi wa miaka 30 na zaidi walipata kura, na sheria hiyohiyo ikafuta kifungu kilichowanyima maskini waliosaidiwa. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1948, Bunge lililochaguliwa pia na watu hao liliifuta Sheria ya Maskini yenyewe.